Je, Wajua? Flashi Haifiki Mbali Ukumbini

Mgeni aliyeketi mita 4 kutoka kwenye flashi hupata robo tu ya mwanga unaomfikia aliye mita 2. Ndiyo maana bibi harusi hung'aa pichani huku ukumbi nyuma yake ukizama gizani.

Flashi ikielekezwa kwenye dari nyeupe, mwanga hurudi umetawanyika na vivuli vikali hulainika. Dari ya kijani huzipaka nyuso ukijani.

Macho mekundu pichani? Ni damu. Flashi hupenya mboni zilizopanuka gizani na kumulika mishipa iliyo nyuma ya jicho.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, Mjerumani Erich Salomon alipiga picha za wanadiplomasia ndani ya kumbi bila flashi. Kamera yake, Ermanox, ilikuwa na lenzi iliyopitisha mwanga mwingi mno. Wapiga picha wengine walikuwa bado wakiwasha unga wa magnesiamu, uliofuka moshi.