Kuitawala Nafsi Kabla ya Saa ya Majaribu

Katika mazungumzo ya barazani na katika mawaidha ya walimu, mtu mwenye kuitawala nafsi yake aghalabu husifiwa kwa maneno ya vita: kwamba alijaribiwa akashinda, kwamba moyo ulitaka naye akaukataza, kwamba aliuma meno akapita. Sifa hizo ni za haki, wala sikusudii kumpunguzia mtu yeyote heshima aliyoipata kwa taabu ya namna hiyo. Walakini elimu ya nafsi, ambayo ndiyo kazi yangu, imetuonyesha katika miaka hii 60 iliyopita jambo ambalo wazee wetu walilitenda pasipo kuliandika, nalo ni kwamba wale wanaodumu katika mwendo mwema mwaka hata mwaka si lazima wawe ndio wanaopigana sana na matamanio yao, bali aghalabu ni wale waliokwisha kuyapanga mambo yao mapema, hata haja ya kupigana ikawa ndogo.

Mwaka 2012 wataalamu walioongozwa na Wilhelm Hofmann walitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika mji wa Würzburg, Ujerumani, na viunga vyake, ambamo watu wazima 205 walichukua vifaa vidogo vilivyokuwa vikiwaita mara kadhaa kwa siku, ili kila waitwapo waeleze papo hapo kama kuna kitu wanachokitamani, kama wanashindana nacho, na kama wameshinda au wameshindwa. Mtu angalitazamia kwamba wale waliopimwa wakaonekana kuwa na nidhamu kubwa ya nafsi ndio wangalileta habari nyingi za mapambano na ushindi. Mambo yalikuwa kinyume chake: hao ndio walioeleza mapambano machache. Si kwamba walikuwa watu wakavu wasiotamani kitu. Yaelekea walikuwa na desturi ya kutopita penye mtego. Aliyeazimia kuacha sigara hapitishi jioni yake kibandani pamoja na wavutaji, na mwenye karo ya mtoto ya kulipa haingii sokoni siku ya mshahara na fedha zote mfukoni, kwa sababu anajijua.

Ushahidi ulio wazi kupita wote twaupata kwa watoto wadogo, katika majaribio aliyoyaanza Walter Mischel mwishoni mwa miaka ya 1960 katika shule ya chekechea ya Bing, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani. Mtoto wa miaka 3 au 4 au 5 aliachwa peke yake chumbani, akaambiwa kwamba aweza kumwita mtu mzima arudi wakati wowote, lakini akimwita atapata kile kitamu kidogo tu, ilhali akivumilia mpaka mtu huyo arudi mwenyewe atapata kile akipendacho zaidi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1970, watoto walioachiwa vitu vyote viwili mbele ya macho yao walivumilia kwa wastani wa kiasi cha dakika 1. Watoto wa shule hiyo hiyo na umri ule ule ambao vitu hivyo viliondolewa machoni mwao walivumilia kwa wastani wa zaidi ya dakika 11. Zingatia, msomaji, kwamba watoto hawa hawakuchaguliwa kwa tabia njema wala mbaya. Kilichotofautiana kilikuwa meza.

Na wale waliofaulu licha ya kuwekewa vitu mbele yao walifanya nini? Mmoja aliyafunika macho yake kwa viganja, mwingine akalaza kichwa juu ya mkono, wengine wakajisemesha peke yao, wakaimba, wakabuni michezo ya mikono na miguu, hata yupo aliyejitahidi kulala. Hapana mwalimu aliyewafundisha hayo. Walikuwa wametanabahi wenyewe, katika umri ambao hata kamba za viatu ni shida kuzifunga, kwamba jicho lisiloona huutuliza moyo. Katika majaribio yaliyofuata ikadhihirika kwamba hata fikira tupu zaweza kufanya kazi hiyo: mtoto aliyeambiwa akidhanie kile kitamu kuwa ni picha tu alisubiri muda mrefu, na aliyeambiwa afikiri utamu wake ulimini akashindwa upesi. Mafundisho ya Mtume juu ya ghadhabu, ya kwamba aliyekasirika hali amesimama na aketi, na isipomwondoka na alale, yana hekima hiyo hiyo, kwa maana hayamtaki mtu aikemee hasira yake, bali yamtaka abadilishe mkao wa mwili, jambo analoliweza hata katika saa ile ambayo akili haisikilizi tena.

Imam Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga katika Ihya Ulum al-Din kitabu kizima kwa ajili ya malezi ya nafsi, akawajibu wale waliodai kwamba tabia ya mtu haigeuki kama vile umbo lake lisivyogeuka. Aliona kwamba matamanio na ghadhabu si vitu vya kung'olewa, kwani asiye na tamaa ya chakula angekufa kwa njaa, na asiye na ghadhabu asingejilinda na madhara; linalotakiwa ni itidali, viwe vitiifu kwa akili. Na njia yake ni kutenda. Anayetaka kuwa mwandishi mwenye hati nzuri, asema, huanza kwa kujikalifisha kuyaiga maandishi ya mjuzi, siku baada ya siku, mpaka kile kilichokuwa taabu mkononi kikawa tabia, akaandika vizuri pasipo kufikiri. Mtu aliye bahili na ajikalifishe kutoa. Mwenye kiburi na ajikalifishe kazi za unyenyekevu.

Wachunguzi wa chuo kimoja cha London, wakiongozwa na Phillippa Lally, walilipima jambo hilo katika makala yao iliyotoka mwaka 2010, wakiwafuata watu 96 waliojichagulia kila mmoja tendo dogo la kufanya kila siku katika wakati maalumu, kama vile kula tunda baada ya chakula cha mchana. Wastani wa kati wa muda ambao tendo lilihitaji ili lifikie karibu na kilele cha mazoea ulikuwa siku 66. Walakini tofauti baina ya watu ilikuwa kubwa, kutoka siku 18 hadi 254 kwa makadirio, na kuikosa siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha kufanyika. Habari hii ya mwisho naiona kuwa na thamani kubwa, kwa sababu nimewaona wengi ambao hawakuangushwa na kosa la kwanza, bali na kukata tamaa kulikolifuata: ameteleza Jumanne, akajihukumu kuwa mtu asiyefaa, na kufikia Ijumaa ameacha kila kitu.

Sasa tuje kwetu, na tuje kwenye fedha, ambamo kuitawala nafsi huonekana au kukosekana kwa hesabu za wazi. Wanauchumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya kazi magharibi mwa Kenya pamoja na wanachama wa vikundi vya kuchangiana fedha kwa zamu, vile ambavyo wengine twaviita upatu na wengine chama, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2013. Lililowashughulisha ni hili: watu hawa waliijua faida ya chandarua na ya dawa ya kusafishia maji, na walitaka kuvinunua, mbona mwezi ulikwisha, na mwingine ukaja, bado havijanunuliwa? Baadhi yao walipewa sanduku dogo la chuma lenye tundu la kutumbukizia fedha, lenye kufuli na kijitabu cha kuandikia, na ufunguo wakakabidhiwa wao wenyewe. Kwa maneno mengine walipewa kibubu, kitu ambacho fundi yeyote wa mtaani hukitengeneza.

Mtu mwenye haraka atasema kwamba sanduku hilo halimzuii mtu, maana ufunguo anao mwenyewe na hata usiku wa manane aweza kulifungua. Pamoja na hayo, akiba ya afya iliongezeka kwa asilimia 66. Sababu zake azijua kila aliyeishi kwa kipato cha siku hadi siku. Shilingi iliyo mfukoni huitikia kila mwito: kuna maandazi ya moto njiani, kuna salio la simu, kuna shemeji mwenye safari ya ghafla, na kila mmoja ana hoja ya kutosha. Shilingi iliyokwisha kuingia sandukuni kwa niaba ya chandarua ina mwenyewe tayari, na kulifungua sanduku ni tendo linalomtaka mtu asimame, atafute ufunguo, na ajieleze mbele ya nafsi yake. Katika muda huo mfupi akili hupata nafasi ya kusema neno. Fauka ya hayo, aweza kumjibu ndugu pasipo kusema uwongo kwamba hana fedha mkononi.

Kundi jingine lilipewa sanduku kama hilo, ila ufunguo ukashikwa na ofisa wa mradi mpaka kiasi kilichokusudiwa kitimie. Kwa kununua vifaa vya kinga, kifungo hiki kikali hakikufua dafu kwa jumla, kwani akiba isiyogusika hata mtoto akipandwa na homa usiku ni akiba ambayo mtu mwenye busara husita kuiongeza. Wazazi na waalimu wapendao kufunga kila mlango na wautafakari sana ushahidi huu. Njia iliyoleta matunda makubwa kuliko zote ilikuwa ya pamoja, pale wanachama walipounda mfuko wa zamu uliotengwa kwa ajili ya afya. Na wale wenye udhaifu wa kuipendelea raha ya leo kuliko manufaa ya kesho, ambao sanduku peke yake halikuwatosha, huu ndio uliowafaa. Hapana ajabu. Mwanamke anayejua kwamba Ijumaa kijumbe atabisha hodi, na kwamba zamu ya kupokea ni ya jirani yake ambaye amekwisha kuagiza vyombo, huitenga fedha hiyo tangu Jumatano, na hata siku moja hasemi kwamba amepigana na nafsi yake. Aliyeuingia upatu amejifunga kwa hiari mbele ya watu anaowaheshimu, na kujifunga huko nakuhesabu kuwa ni kuitawala nafsi kwa ukamilifu wake, wala si namna duni ya wale wasioweza peke yao.

Limebaki jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha. Methali isemayo kwamba mvumilivu hula mbivu ina sharti lake, nalo ni kwamba mvumilivu awe na yakini kuwa mbivu hizo zitamfikia. Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester walichapisha habari za watoto 28 ambao, kabla ya jaribio la kile kitamu, waliahidiwa kalamu za rangi zilizo bora kuliko zile chakavu walizopewa. Nusu yao waliletewa kalamu walizoahidiwa. Kwa nusu nyingine mtu mzima alirudi mikono mitupu, akaomba radhi. Lilipofika jaribio lenyewe, wale wa kwanza walisubiri kwa wastani wa dakika 12, na wale waliovunjiwa ahadi dakika 3. Je, hawa wa pili walikosa nidhamu? Mimi nasema walikuwa na akili timamu, kwa maana walikuwa wamejifunza, kwa ithibati ya macho yao, kwamba katika nyumba hii kinachosubiriwa hakiji.

Ndiyo sababu nasikitika nisikiapo watu wakiwahukumu maskini kuwa hawajui kujizuia. Katika utafiti wa Bettina Lamm na wenzake, watoto wa miaka 4 wa Wanso, wakulima wa kaskazini magharibi mwa Kameruni, waliwekewa andazi la kwao, na karibu 7 katika kila 10 wakasubiri mpaka mwisho, ilhali kwa watoto wa Kijerumani waliowekewa kitamu cha kwao ni chini ya 3 katika kila 10 waliofanya hivyo. Wanso hawana utajiri. Wana malezi yanayomzoeza mtoto mapema kuwatii wakubwa na kuutuliza moyo wake. Kadhalika, uchunguzi wa mwaka 2018 wa watoto zaidi ya 900 wa Marekani ulionyesha kwamba uhusiano baina ya kusubiri utotoni na kufaulu baadaye hupungua sana mara hali ya nyumbani inapotiwa katika hesabu, basi asije mtu akamtabiria mtoto maisha yake yote kwa sababu ya tonge moja la utamu. Hata utafiti wa Dunedin, New Zealand, ambao umewafuata watu 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973, na ambao kweli uliona kuwa waliokuwa na nidhamu zaidi utotoni walikuwa na afya na fedha zaidi walipofika miaka 32, uliona pia kwamba wale walioongezeka nidhamu kadiri walivyokua walipata mema zaidi ya yale waliyotazamiwa.

Kwa hiyo nawasihi wazazi: ukimwambia mtoto kwamba Jumamosi utampeleka pwani, mpeleke Jumamosi, na kama hujui utakuwa na nauli, usimwahidi. Nawasihi waalimu wasitangaze zawadi wasiyokuwa nayo kabatini. Na waajiri, ambao ni wepesi wa kuwalaumu wafanyakazi wao kwa kukopa kabla ya mwezi kwisha, na walipe mshahara katika tarehe waliyoiandika wao wenyewe kwenye mkataba.