Gramu 35 za Madini Joto

Mgonjwa wa Isaka, karibu na Kahama, aliyepewa rufaa ya CT scan Hospitali ya Bugando, Mwanza, halipii kipimo peke yake. Analipa nauli, chakula na malazi, mara mbili kwa kuwa ndugu anamsindikiza. Akifika bila majibu ya figo anaweza kuambiwa arudi siku nyingine, na fedha zote hizo zimepotea.

Majibu hayo yanadaiwa kwa sababu ya kontrasti, dawa ya kung'arisha picha. Dozi ya kawaida ni mililita 100. Ikiwa kila mililita ina miligramu 350 za madini joto, mshipani zinaingia gramu 35. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 tu kwa siku. Gawanya, na utapata mahitaji ya zaidi ya miaka 600, yaliyoingizwa ndani ya dakika moja au mbili.

Mwili hauyatumii, maana yamefungwa imara ndani ya dawa. Karibu yote huchujwa na figo na kutoka na mkojo. Figo zenye afya huchuja mililita 100 hivi za damu kwa dakika, na kwa kasi hiyo nusu ya dawa hutoka kila saa 2. Baada ya saa 8 zimebaki gramu 2 na kidogo. Sasa mchukue mzee wa miaka 60 mwenye kreatinini, taka ya damu inayopimwa kujua hali ya figo, ya maikromoli 210 kwa lita: figo zake huchuja kama mililita 30, nusu hutoka kwa karibu saa 7, na kiwango kilekile atakifikia baada ya saa 27 hivi.

Kuanzia Kahama hadi Geita hesabu hii inanitia wasiwasi. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huchoma zebaki, na mvuke wake ukivutwa, zebaki hujikusanya zaidi kwenye figo. Ongeza diklofenaki za maumivu ya mgongo, ambazo nazo huumiza figo, baada ya kutwa nzima duarani, yaani ndani ya shimo la mgodi. Figo hupoteza nusu ya uwezo wake bila mtu kusikia maumivu yoyote.

Kreatinini inahitaji damu isiyozidi mililita 5. Ipimwe Kahama kabla ya kukata tiketi, na daktari aiandike kwenye karatasi ileile ya rufaa. Ikionyesha uchujaji chini ya mililita 30 kwa dakika, Mwanza watajua mapema: pengine ultrasound itatosha, pengine dripu itangulie, na anayetumia metformini ataisimamisha hadi figo zipimwe tena baada ya saa 48. Lakini dereva wa lori aliyepata ajali na kuvuja damu ndani hasubiri kreatinini. Huyo apigwe picha mara moja.