Bati, Tofali na Ruta Yenye Masikio Mengi

Msomaji wa Kasulu anataka kujua anunue ruta gani isiyomwangusha. Nyumba yake ni ya tofali za kuchoma, juu bati, mbele mlango wa chuma. Sebuleni Wi-Fi inakwenda vizuri. Chumbani simu inashika ikiwa kwenye mto. Akiisogeza kidogo tu, inakata.

Majina ya kampuni na bei nayaruka. Utamu wote uko kwenye huko kusogeza kidogo.

Wimbi la Wi-Fi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12.5. Tofali hulimeza kiasi. Bati hulirudisha karibu lote. Basi simu hupata wimbi lilelile kwa njia kadhaa: lililopenya ukuta, lililogonga paa, lililogonga mlango. Njia mbili zikipishana kwa nusu wimbi, yaani sentimita 6 na kidogo, kilele cha wimbi moja huangukia kwenye bonde la jingine na yote mawili hufutana. Taa za ruta zinawaka, simu haisikii kitu. Sogeza sentimita chache, hesabu inabadilika.

Miaka mingi wahandisi wa redio waliuhesabu mwangwi huu kuwa adui. Mwaka 1994 Arogyaswami Paulraj, mzaliwa wa India, na Thomas Kailath, wote wa Chuo Kikuu cha Stanford, walipewa hataza ya wazo jingine: antena kadhaa zitume ujumbe tofauti kwa wakati mmoja, katika masafa yaleyale, na antena kadhaa ziupokee.

Si utachanganyika? Utachanganyika. Sasa twende soko la Kasulu. Mama mmoja kabeba kilo 2 za maharage na 1 ya dagaa, kalipa shilingi 21,000. Mwenzake ana kilo 1 ya maharage na 1 ya dagaa, kalipa 18,000. Hakuna aliyekutajia bei, lakini toa jumla moja kwenye nyingine: maharage 3,000, dagaa 15,000. Bei hizo ndizo ujumbe uliotumwa, vikapu ni antena za simu, jumla ni mchanganyiko uliosikika. Lakini mama wa pili angekuwa na kilo 4 za maharage na 2 za dagaa kwa 42,000, angekuwa amekuambia yaleyale ya mwenzake mara mbili, na bei usingezipata kamwe. Lazima vikapu vitofautiane kwa uwiano. Kinachovitofautisha ni mwangwi! Bati linarusha wimbi huku, mlango kule, kila antena inaambulia mchanganyiko wake. Na nani aliyepima vikapu? Kila kifurushi cha data hutanguliwa na alama ambazo simu inazijua tangu kiwandani. Ikiona zilivyopotoka njiani, inajua kila njia imeleta kiasi gani, kisha inafumbua fumbo. Kifurushi kinachofuata, inapima upya. Nyumba iliyojaa mwangwi ndiyo inayoupa ujanja huu chakula.

Ujanja huu maboksi ya ruta huuandika MIMO. Mimi napenda kusema masikio mengi, ingawa antena hizo ni midomo pia.

Wi-Fi iliupokea ujanja huu rasmi mwaka 2009, katika kiwango cha 802.11n. Kwa hiyo soma boksi. N150 ina mkondo mmoja, yaani ujumbe mmoja kwa wakati, iache. N300 ina miwili. AC750 ni 300 na 433: miwili kwenye 2.4, mmoja tu kwenye gigahezi 5. AC1200 ni 300 na 867, wakakadiria jumla: miwili kila upande. Kwa nyumba ya bati ningechukua hiyo au mpya zaidi, bila kuhesabu pembe zilizochomoza nje. Ila gigahezi 5 huchoka haraka kwenye tofali, na simu nayo lazima iwe na antena mbili.

Kasulu na Kibondo ziliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022, ila umeme wa kukatika na radi za milimani bado vipo. Ruta nyingi za nyumbani hula volti 12, kwa hiyo betri ndogo ya akiba ya volti hizo inatosha kuibeba saa kadhaa. Ruta iweke katikati ya nyumba, juu kidogo ya meza, mbali na kabati la chuma na mgongo wa televisheni. Ngurumo zikianza, chomoa adapta ukutani, betri itaendelea.