Kuwafundisha Wazazi Watarajiwa: Je, Kazi Hii Unaiweza?

Ukiulizwa leo unataka kufanya kazi gani baadaye, utajibu nini? Wengi watasema udaktari, urubani, uhasibu au mambo ya kompyuta. Ni nadra kumsikia mwanafunzi akisema, "Nataka kuwafundisha wajawazito na waume zao." Akitokea mmoja, wenzake watacheka. Eti kuzaa nako kunafundishwa? Si wanawake wamezaa tangu enzi na enzi?

Ni kweli, wamezaa. Lakini wengi pia wamekufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2023 zaidi ya wanawake 700 duniani walikufa kila siku kwa sababu zinazohusu ujauzito na uzazi, na wengi wao walikuwa Afrika, kusini mwa Sahara. Hapa Tanzania tumepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria vifo 104. Hata hivyo, kila mmoja wa hao ni mama wa mtu, dada wa mtu, pengine mwanafunzi kama wewe.

Vingi kati ya vifo hivi vinazuilika. Sasa kwa nini bado vinatokea?

ADUI MKUBWA NI KUCHELEWA

Mwezi Februari 1987 wataalamu kutoka nchi mbalimbali walikutana Nairobi na kuanzisha juhudi za kimataifa za uzazi salama. Miaka saba baadaye, yaani 1994, watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza jambo ambalo hadi leo hufundishwa kwa wakunga na waelimishaji. Walisema mama hupoteza maisha kwa kuchelewa kwa aina tatu:

1. Kuchelewa kuamua kutafuta msaada.
2. Kuchelewa kufika kwenye kituo cha afya.
3. Kuchelewa kupata huduma akishafika kituoni.

Kuchelewa kwa aina ya tatu ni kazi ya wauguzi, madaktari na serikali. Lakini angalia kule kwa kwanza na kwa pili. Hayo hutokea nyumbani na njiani. Dawa inaweza kuwepo hospitali, daktari yupo, damu ya kuongezewa ipo, ila mama bado yuko kitandani kwake na watu wanabishana. Mwanamke mwenye afya njema akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa chache tu. Muda wa kikao cha ukoo haupo.

Hapo ndipo mwelimishaji anapoingia. Kazi yake ni kuisaidia familia iamue mapema, kabla ya hatari kufika.

MAZUNGUMZO, SI HOTUBA

Watu wengi wanadhani mwelimishaji husimama mbele ya benchi la kliniki, akaonyesha picha ukutani, akasema "fanyeni hivi, msifanye vile", kisha akaondoka. Ukifanya hivyo akina mama watakuitikia "ndiyo" kwa heshima, halafu wakifika nyumbani watafanya kama zamani. Mwelimishaji mzuri anauliza. Hebu soma mfano huu:

Mwelimishaji: Shikamoo, mama.
Mama: Marahaba, mwanangu.
Mwelimishaji: Hongera na pole kwa uzito. Hii ni mimba ya ngapi?
Mama: Ya nne. Hao watatu nilizalia nyumbani, wala sikupata shida.
Mwelimishaji: Tumshukuru Mungu. Na huyu umepanga kumzalia wapi?
Mama: Mh, tutaona siku ikifika.
Mwelimishaji: Haya, tuseme siku imefika. Ni saa nane usiku, na damu inatoka. Nyumbani yupo nani?
Mama: Mama mkwe na watoto. Baba yao huwa ziwani kwenye dagaa.
Mwelimishaji: Nani atasema "twendeni hospitali"?
Mama: Mama mkwe hawezi kusema mpaka mwanawe arudi.
Mwelimishaji: Na pesa ya gari?
Mama: (Kimya kidogo.) Anayo baba.

Umeona? Hakuna aliyemgombeza wala kumwita mjinga. Lakini mama mwenyewe ameliona tatizo, na ataondoka nalo kichwani. Hatua inayofuata ni kuonana na mume na mama mkwe, maana wao ndio wenye uamuzi na ufunguo wa sanduku. Ukienda kwa bibi huyo, usianze kwa kumsahihisha. Mwamkie, mwombe akueleze enzi zake walifanyaje mwanamke alipotokwa na damu nyingi. Mara nyingi atamkumbuka mtu aliyefariki. Kuanzia hapo hutahitaji maneno mengi.

Baada ya mazungumzo, familia inaweka mpango wa kujifungua. Mpango wenyewe ni majibu ya maswali haya:

- Mama atajifungulia kituo gani?
- Nani atamsindikiza, na nani atabaki na watoto?
- Usiku tutapata usafiri gani? Namba ya simu ya dereva ipo?
- Pesa inawekwa wapi, na mama mwenyewe anaweza kuichukua?
- Mume akisafiri, nani ana ruhusa ya kuamua?
- Nani yuko tayari kutoa damu ikihitajika?
- Kanga, nguo za mtoto na kadi ya kliniki viko tayari ndani ya mfuko?

Kisha muombe mama arudie kwa maneno yake mwenyewe dalili za hatari. Akizirudia vizuri, ujue umefundisha. Dalili hizo ni damu kutoka ukeni, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, maumivu makali ya tumbo, kupumua kwa shida, maji kutoka kabla ya uchungu, na mtoto kupunguza kucheza au kuacha kabisa. Hata moja tu inatosha kumpeleka mama kituoni saa hiyo hiyo.

KWELI AU UONGO?

Ukiifanya kazi hii utasikia mengi. Jipime.

"Mjamzito akila mayai, mtoto atazaliwa hana nywele." Uongo. Mayai hujenga mwili wa mama na mtoto. Ayale yakiwa yameiva vizuri.

"Kula udongo kunaongeza damu." Uongo. Udongo unaweza kuleta minyoo na kuuzuia mwili usipate madini ya chuma. Mama mwenye hamu sana ya udongo mara nyingi ana upungufu wa damu. Apimwe, na ameze vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki.

"Kifafa cha mimba ni mapepo." Uongo. Huambatana na shinikizo la juu la damu wakati wa ujauzito. Ndiyo maana mama hupimwa presha na mkojo anapokwenda kliniki. Kumchelewesha kwa mganga kunaweza kumwua.

"Dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu haina madhara." Uongo. Inaweza kuubana mfuko wa uzazi kupita kiasi hadi ukapasuka.

"Mama mwenye virusi vya UKIMWI lazima amwambukize mtoto." Uongo. Bila tiba, watoto kati ya 15 na 45 katika kila 100 huambukizwa. Mama akipata tiba sahihi na kuifuata, idadi hiyo hushuka chini ya 5.

BABA YUKO WAPI?

Mume anayefika kliniki husikia mwenyewe dalili za hatari na hupima virusi vya UKIMWI pamoja na mkewe. Baadhi ya kliniki huwahudumia kwanza wanaokuja wawili wawili ili kuwavutia akina baba. Lakini kuwa macho. Yupo mama aliyeachwa, mjane, na yule ambaye mume wake yuko mbali kikazi. Ukimwuliza mbele ya watu "mumeo yuko wapi?" ataona aibu, na pengine harudi tena. Anaweza kuja na dada, mama au rafiki. Kila mjamzito ana haki ya kuhudumiwa.

NA KAMA MJAMZITO NI MWANAFUNZI?

Hili lipo, tusijidanganye. Msichana mdogo akipata mimba yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifafa cha mimba na maambukizi baada ya kujifungua. Juu ya hayo, mara nyingi huificha. Hujifunga khanga tumboni, hukwepa watu, na kliniki haendi. Huko nako ni kuchelewa. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mjamzito aonane na mhudumu wa afya angalau mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12 kuisha. Anayeficha mimba hadi mwezi wa sita amekosa mengi.

Rafiki yako akikuambia siri hiyo, usimcheke wala usiitangaze. Mshauri amwambie mtu mzima anayemwamini, na umsindikize kliniki. Mwambie pia kwamba tangu Novemba 2021 wasichana wa Tanzania waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi shuleni baada ya kujifungua. Maisha hayajaishia hapo.

UNAANZIA WAPI?

Njia ni zaidi ya moja. Unaweza kusomea uuguzi na ukunga, na hapo usiyakimbie masomo ya Baiolojia, Kemia na Fizikia. Unaweza kuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mpango wa kitaifa uliozinduliwa Januari 2024 huwapa wahudumu hao mafunzo ya miezi sita ili wahudumu kwenye maeneo yao. Unaweza pia kuanza na mashirika ya afya kama mwelimishaji rika.

Tusidanganyane, utajiri wa haraka haupo. Wengine huanza kwa posho ndogo, wanatembea juani na wanasubirishwa kwenye vibaraza. Tena kuna mipaka. Mwelimishaji hatoi dawa, hatabiri jinsia ya mtoto, na siri ya mama haitoki kinywani mwake. Asilolijua humpeleka mama kwa mkunga.

Kama una masikio ya kusikiliza, unaheshimu wakubwa na huoni haya kutaja mambo ya uzazi kwa majina yake, basi unaiweza.

ZOEZI LA WIKI HII

Tafuta mjamzito mmoja wa karibu nawe: mama, dada, shangazi au jirani mnayeheshimiana. Mwombe ruhusa kwanza. Kisha muulize maswali saba ya mpango wa kujifungua, mmoja baada ya mwingine, bila kumhukumu. Andika ni maswali mangapi yana jibu. Yale yasiyo na jibu, kaeni na wenye nyumba myajibu kabla tarehe yake haijafika.