Uhodari wa imani unakomaa katika kazi za kila siku

Tunapohubiri juu ya wafiadini, wakristu wengi wanasema moyoni: «Hawa walikuwa watu wa ginsi nyingine, sisi hatuwezi.» Inatupasa kuwaeleza namna gani Mungu anapanda uhodari ndani ya roho, na namna gani sisi tunaulima kila siku kwa matendo madogo.

Uhodari ni nini? Eklezia inauhesabu kati ya fadhila nne kubwa, pamoja na busara, haki na kiasi. Tena nguvu ni moja la mapaji saba ya Roho Mtakatifu. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba tendo kubwa la uhodari ni kuvumilia, ndiyo kusimama imara katika wema mbele ya hatari, kuliko kushambulia. Fadhila ni desturi ya roho: anayetenda haki mara kwa mara anazoea haki. Neema haiondoi kazi hiyo, inaitia nguvu.

Tutazame mfano wa inchi yetu. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Eklezia ilimtangaza mwenye heri kijana wa Goma, Floribert Bwana Chui. Hakuwa padri wala mtawa. Alisoma sheria, akaajiriwa katika ofisi ya Serikali inayochunguza bidhaa zinazopita mpakani. Pamoja na jumuiya ya Sant'Egidio aliwasaidia watoto wa barabarani. Siku moja wafanyabiashara walitaka apitishe chakula kilichoharibika, wakamtolea feza. Akakataa, maana watu wangekila na kuumwa. Mwezi wa Julai 2007 alikamatwa, akateswa, akauawa. Alikuwa na miaka 26.

Tuangalie vizuri. Hakuna aliyemwambia amkane Kristu kwa kinywa; walimwomba ruhusa tu ya kupitisha mzigo. Lakini ruhusa ile ingeuza uzima wa watu wasiojulikana, na Kristu yumo ndani yao. Ndiyo sababu Papa Fransisko, mwezi wa Novemba 2024, alikubali kwamba Floribert aliuawa kwa chuki ya imani. Mtu aliyezoea kuwapa watoto maskini saa zake hakuweza kuwauza siku ile.

Hapa kwetu Kamina, reli inayotoka Lubumbashi inagawanyika: njia moja inaelekea Ilebo, nyingine Kabalo. Mizigo inapita, na matabishi yanaifuata. Basi, shule yetu ya uhodari iko hapa hapa. Mama sokoni anayepima mahindi kwa kopo lisilobonyezwa chini, mwalimu asiyeuza pointi, mseminari asiyeiga kazi ya mwenzake siku ya mtihani, katekista anayefikisha sadaka yote kwa padri: hao wote wanajizoeza. Yezu mwenyewe, katika Evanjili ya Luka, sura ya 16, anaunganisha uaminifu katika jambo dogo na uaminifu katika jambo kubwa.

Lakini tusifundishe kwa ukali. Baba anayekaa miezi bila mshahara, na watoto wanalia njaa, anashawishwa kuliko sisi. Tukimwambia «usipokee» tu, kisha tukarudi nyumbani kula, tunamtwisha mzigo tusioubeba. Jumuiya yake imsaidie kwa unga, kwa karo ya watoto, na kwa kusimama naye anapotishwa. Floribert naye alikuwa na ndugu wa kusali nao.

Basi, tuwafundishe wakristu mambo matatu. Asubuhi, wakiisha kusali, wachague tendo moja la haki watakalolifanya siku ile, hata likiwagharimu kidogo. Jioni wachunguze dhamiri: nimelifanya, ao niliogopa nini? Na aliyeanguka akimbilie Kitubio bila kukawia, kesho aanze tena. Sisi tunaowafundisha tuwe wa kwanza kufanya hivyo, maana wakristu wanasoma maisha yetu mbele ya kusikia mahubiri yetu.