Arudipo Mwana na Mtaji Wake: Uraia Kwanza, Biashara Baadaye

Ni nadra katika miji yetu ya pwani, tangu Lamu hadi Vanga, kupata ukoo usio na mtu aliyevuka bahari. Wapo walioolewa Muscat, wapo waliofuata kazi Dubai na Jeddah, na wapo waliohamia Uingereza na Marekani wakazaa na kulea huko huko. Miaka ikipita hupatikana akiba, na akiba huamsha hamu ya kurudi: kufungua duka la vitambaa, kujenga nyumba za kupangisha, au kuanzisha chuo cha watoto katika mtaa aliolelewa mtu.

Hapo huzuka swali ambalo familia nyingi hulikwepa. Kwa mama yake, aliyerudi ni mwana. Kwa jirani, ni mwenyeji. Kwa sheria, huenda ni mgeni, na mgeni hapati ruhusa ya kuchuma nchini kwa sababu tu kitovu chake kimezikwa hapa. Ni vyema familia ikalijibu swali hilo kabla ya shilingi ya kwanza kutumwa.

Yupo katika kundi gani?

Katiba ya zamani ya Kenya haikumruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Aliyechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake aliupoteza wa Kenya, hata kama hakuna aliyemwambia. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ilibadilisha jambo hilo: raia wa kuzaliwa hapotezi tena uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine. Kutokana na mabadiliko hayo, wenetu walioko nje wamegawanyika katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la wale waliokuwa Wakenya wa kuzaliwa wakachukua uraia wa nchi nyingine kabla ya tarehe hiyo. Hawa uraia wao haukurudi wenyewe. Katiba inawapa haki ya kuurejesha, ila sharti waombe. Mtu aliyekuwa Mwingereza tangu mwaka 1995 na hajaomba bado ni mgeni machoni pa sheria, japo anazungumza Kimvita cha nyanya yake.

Kundi la pili ni la waliochukua uraia mwingine baada ya tarehe hiyo. Hawa wangali Wakenya, lakini Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 inawataka wautangaze uraia wa pili katika muda wa miezi mitatu. Asiyetangaza anatenda kosa linaloweza kumtoza faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Kundi la tatu latuhusu sana sisi wa pwani. Ni la walio katika nchi zisizokubali uraia wa nchi mbili. Omani, kwa mfano, hairuhusu jambo hilo isipokuwa kwa idhini ya Sultani. Dada aliyeolewa huko akachukua uraia wa mumewe hawezi kuurejesha wa Kenya bila kuuhatarisha ule wa Omani. Sheria yetu imemfungulia mlango mwingine, nao ni ukaazi wa kudumu, uliowekwa kwa aliyekuwa raia wa kuzaliwa na akazuiwa na sheria za nchi aliyohamia. Mwenye hadhi hiyo huruhusiwa kuingia, kuishi na kuajiriwa nchini bila kuomba kibali cha kazi kila mara. Hata hivyo, katika mambo ya ardhi bado anahesabiwa kuwa si raia.

Aingiaye kama mgeni

Tangu Januari 2024, viza ya kuingia Kenya imeachia nafasi idhini ya kusafiri ya kielektroniki, inayoombwa kabla ya safari. Raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawahitaji idhini hiyo. Anayeipata huruhusiwa kuzuru jamaa, kuhudhuria arusi au maziko, kukutana na wafanyabiashara na kukagua kiwanja. Haruhusiwi kusimama nyuma ya meza ya duka na kuuza, wala kuendesha kampuni siku baada ya siku. Anaweza kununua hisa katika kampuni akabaki mwenye hisa tu. Akitaka kuiendesha, anahitaji kibali.

Kibali cha mwekezaji mgeni ni cha daraja G, na muombaji hutakiwa kuthibitisha mtaji usiopungua dola 100,000 za Marekani. Kwa kampuni kubwa, hicho ni kiasi cha kawaida. Kwa mama aliyeweka akiba ya miaka 20 ya kazi ya uuguzi, huenda ni zaidi ya yote aliyo nayo. Lakini mama huyo huyo akiurejesha uraia wake, sharti hilo la mtaji halimhusu tena. Atahitaji namba ya ushuru na leseni ya kaunti, sawasawa na jirani yake wa dukani.

Haki ya mama na watoto

Chini ya katiba ya zamani, mtoto aliyezaliwa nje ya Kenya alirithi uraia kwa baba peke yake. Mwanamke wa Mombasa aliyezaa Jeddah kwa mume asiye Mkenya hakuweza kumpa mwanawe uraia wake. Leo mama na baba ni sawa katika jambo hili, na Katiba inawajumuisha hata waliozaliwa kabla ya mwaka 2010, maadamu mmoja wa wazazi ni raia au alikuwa raia. Ndoa nayo haimwondolei mtu uraia wa Kenya, wala talaka haimwondolei.

Mume mgeni pia amepata njia. Zamani, mke wa Mkenya ndiye aliyeweza kusajiliwa kuwa raia kwa sababu ya ndoa. Mume wa mwanamke Mkenya hakuweza. Sasa yeyote aliyeishi katika ndoa na raia kwa miaka isiyopungua 7 ana haki ya kuomba. Kwa hivyo, familia inayopanga kurudi na iangalie hadhi ya kila mmoja nyumbani, kuanzia mama.

Hatari ya kutumia jina la ndugu

Wengi, kwa kuchelea milolongo ya afisi, huchukua njia ya mkato. Dada hutuma fedha kutoka ng'ambo. Kaka hununua kiwanja na kusajili biashara kwa jina lake. Hapaandikwi kitu, kwani ni ndugu wa tumbo moja, na kudai maandishi huonekana kama kukosa imani.

Tuseme kaka huyo, aliye mwaminifu kabisa, amefariki. Kiwanja kina jina lake, na wajane na mayatima wake wana mafungu yao yaliyowekwa na sheria ya Mwenyezi Mungu. Deni na amana hutolewa kabla ya mirathi kugawanywa, lakini ni nani atakayeshuhudia kwamba mali ile ilikuwa amana? Dada asiye na hati atasimama mbele ya watoto wa kaka yake akionekana kuwapokonya haki yao. Mahakama ya Kadhi husikiliza mirathi, ndoa na talaka. Mzozo wa hisa za biashara haumo katika mamlaka yake, hivyo hupelekwa mahakama za kawaida, ambako miaka na ada ni vingi.

Katiba pia imeuziba ujanja huu katika ardhi. Asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa mkataba wa kukodi usiozidi miaka 99, na hati yoyote inayompa zaidi ya hapo huhesabiwa kuwa ya miaka 99 tu. Kampuni huhesabiwa kuwa ya raia pale tu wenye hisa wote ni raia. Hisa moja ya mgeni yatosha kuibadilisha hadhi yake. Hali kadhalika mali iliyoshikwa na mtu kwa niaba ya mwingine: huangaliwa uraia wa wanaofaidika nayo.

Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, yahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Aya hiyo haikuwatoa ndugu wala jamaa katika agizo lake. Kuandika ni kuulinda undugu.

Kabla ya fedha kutumwa

Kwanza, mtu ajue tarehe aliyochukua uraia wa pili, maana tarehe hiyo ndiyo inayoamua kundi lake. Pili, akusanye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho au pasipoti yake ya zamani, na vyeti vya wazazi. Tatu, alinganishe majina. Cheti cha Mombasa huwa na majina matatu, ilhali pasipoti ya Ghuba huongeza jina la kabila na kubadilisha herufi. Tofauti hiyo ndogo huweza kukwamisha ombi, na huondolewa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Nne, apeleke ombi lake kwa Idara ya Uhamiaji au ubalozi wa Kenya alipo, asubiri jibu, ndipo anunue.

Wazazi nao wana sehemu yao. Vile vyeti vilivyofungwa kwa kitambaa ndani ya kasha la bibi ndivyo vitakavyomthibitisha mjukuu aliyezaliwa Leicester au Salalah. Na vitafutwe, vinakiliwe, na wazee wanaozijua nasaba waulizwe wangali hai.

Mwenyezi Mungu awarejeshe wenetu kwa salama, na aitie baraka chumo lao. Amin.