Jumuiya Ndogo Ndogo: Kweli au Si Kweli?

Wenyeviti wa jumuiya wakikutana kwenye semina ya dekania, chai ya saa nne haijafika utakuwa umeshasikia kauli zilezile. Zimerudiwa mno hata zikageuka kama mafundisho ya Kanisa. Nazipima hapa kwa sababu jumuiya nyingi zinadhoofika kwa kuziamini.

"Tuliziiga kutoka Amerika ya Kusini."

Si kweli. Jumuiya za kule, hasa za Brazil, zimeandikwa sana, na maaskofu wao waliziunga mkono walipokutana Medellín mwaka 1968. Lakini maaskofu wa Kongo walikwisha kuamua mwaka 1961 kwamba uchungaji wao ujengwe juu ya jumuiya hai. Huku kwetu, maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi mwaka 1973 wakakubaliana kwamba Kanisa liote mizizi pale watu wanapoishi na kufanya kazi, katika makundi madogo ambamo kila mtu anafahamika. Mwaka 1976 wakarudi Nairobi na kutamka kuwa kuunda jumuiya ndogo ndogo ndiyo kazi ya kwanza ya uchungaji. Mwaka 1979 wakakutana Zomba, Malawi, kutazama zilikofikia.

Tena hawakuishia kwenye maazimio. Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge, Tanzania, aliishi na kulima pamoja na wanakijiji wa kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga. Huyo hakuwa na haja ya kwenda Brazil kutafuta mfano.

"Ni chama kama vyama vingine vya kitume."

Si kweli. WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, unajiunga; kwaya unajiunga. Jumuiya unaikuta mtaani ulikopanga chumba, na jirani usiyeelewana naye yumo humo humo. Wakristo wa kwanza walikusanyika hivyo, nyumbani mwa watu: sura ya 16 ya Waraka kwa Warumi inalisalimu kanisa la nyumbani kwa Priska na Akila.

"Padre asipokuwepo, tunapiga soga tu."

Si kweli, na kauli hii inawavunja moyo waamini wenye karama. Fikiria Jumamosi alfajiri Dar es Salaam: viatu vimepangwa mlangoni, mkekani wamekaa watu kumi hivi, kwenye stuli kuna kitambaa cheupe, msalaba na mshumaa. Injili inasomwa. Kisha kila mmoja anataja neno moja au mawili yaliyomgusa, taratibu, bila kuyafafanua. Wananyamaza. Baadaye wanashirikishana, na kabla ya sala za mwisho wanaulizana: wiki hii tufanye nini, na nani aende? Hizo ni miongoni mwa hatua saba zilizoenezwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, na mlei yeyote aliyeandaliwa anaweza kuziongoza. Kinshasa, Kardinali Malula alikwenda mbali zaidi: aliwakabidhi walei uongozi wa parokia nzima, huku padre akibaki kwa ajili ya sakramenti na malezi.

"Jumuiya ni ya akina mama."

Ukihesabu waliokaa mkekani, mara nyingi ni kweli. Ukitazama nani mwenyekiti, mara nyingi ni baba ambaye asubuhi hiyo hakuja. Basi mama anayeiendesha achaguliwe.

"Jumuiya ni ya kukusanya michango."

Hii ndiyo inayoniuma, kwa sababu si uzushi mtupu. Chimbuko lake ni barua ya mwenyekiti inayomtambulisha muumini kwa paroko. Ukitaka mtoto abatizwe, ukitaka ndoa au mazishi ya Kikristo, paroko anauliza: jumuiya yako inakufahamu? Swali hilo ni zuri. Paroko mwenye maelfu ya waamini hawezi kumjua kila mtu, hivyo anategemea ushuhuda wa wanaosali naye. Lakini mahali pengi barua imekuwa stakabadhi. Mwenyekiti anafungua daftari, anapitisha kidole kwenye safu ya ujenzi, zaka na mavuno, anakuta mahali pamebaki wazi, na familia iliyofiwa inaambiwa imalize deni kwanza. Mchango ni haki na wajibu wa muumini, silipingi hilo. Ninachokataa ni kumpima marehemu kwa daftari la mhazini, ilhali maaskofu walipokutana Nairobi walitaka makundi ambamo watu wanafahamiana.

Wenyeviti wenyewe wanaweza kulirekebisha jambo hili bila kungoja waraka kutoka jimboni. Semina ijayo, kabla ya taarifa ya fedha kusomwa, kila mwenyekiti asimame amtaje mgonjwa mmoja ambaye jumuiya yake ilimtembelea mwezi huo, na aeleze anaendeleaje. Asiye na wa kumtaja aulizwe na wenzake, kwa upole, wamsaidie vipi.